Bibi Ianthe na Makaburi ya Yadi

Wasikilizaji wapendwa, leo sina maneno matamu. Bibi Ianthe Furbert wa Somerset amefariki dunia. Ianthe Furbert amefariki, tumemzika Jumamosi, na wapo wanaonisikiliza sasa hivi ambao walipopata habari walishusha pumzi. Mnajijua.

Ianthe alizaliwa pale pale Yadi, bandari ya zamani ya jeshi la majini, katika nyumba za wafanyakazi, enzi zile manowari zikija kutengenezwa. Baba yake alikuwa fundi wa boila. Jeshi la majini lilipofunga virago, baba alibaki na mikono mitupu. Akawa anakaa barazani akitazama bahari. Ianthe alikuwa msichana mdogo. Aliyaona hayo yote, wala hakuyasahau.

Baadaye zikaja meli za kitalii. Palipokuwa na karakana pakawa na maduka ya manukato na fulana. Ianthe akapata kazi ya kutembeza wageni. Wasikilizaji wapendwa, huyu mama hakuwa na tabasamu la kazi. Mpwa wake, Marvelle, ananiambia: "Shangazi alikuwa anawasimamisha juani mbele ya ukuta wa Yadi. Anawaambia, 'Shikeni hilo jiwe. Limekatwa na mfungwa mwenye pingu miguuni. Mmeshika? Haya, nendeni mkanunue fulana.'"

Wengine walilia. Wengine walishtaki. Wakubwa wakamfukuza. Naam, walimfukuza. Kesho yake akasimama nje ya lango, akaendelea bure, na kwa sauti kubwa zaidi.

Sasa, Ianthe alikuwa na mdogo wake, Alston, dereva wa teksi. Kwa Alston, kila meli iliyofunga kamba ilikuwa chakula mezani. Ndugu hawa walitukanana kwenye kituo cha teksi mbele za watu.

"We dada, unanifukuzia abiria!"

"Abiria wako wana miguu. Watembee."

"Meli zikihama, watoto wangu utawapikia hadithi?"

"Nitawapikia. Angalau watashiba kitu cha kweli."

Ndipo likaja suala la maegesho. Nyuma ya ukuta wa kusini kuna makaburi machache ya vibarua walioletwa kutoka visiwa vya mbali huko kusini kujenga magati. Hayana majina. Babu yao Ianthe na Alston, aliyeletwa kutoka St. Kitts, amelala hapo. Kampuni moja ikapewa kazi ya kupanua maegesho ya mabasi, na ramani yake ikapita juu ya makaburi hayo. Juu yake kabisa.

Asubuhi tingatinga lilipofika, Ianthe alikuwa ameshafika. Alibeba kiti cha jikoni kwake, akakiweka katikati ya makaburi, akaketi. Meli ilikuwa imefunga gatini. Abiria walikusanyika na aiskrimu zao. Dereva wa tingatinga akazima injini. Msimamizi akampigia Alston simu: "Njoo umtoe dada yako."

Alston akaja, mbio.

"Inuka, Ianthe. Unatuaibisha."

"Ni babu yako pia huyu."

"Babu hajanitilia petroli hata siku moja! Inuka!"

"Basi mwambie yeye ainuke kwanza."

Watu wakacheka. Naamini kicheko hicho ndicho kilichomvuruga Alston. Alimshika dada yake mkono, akamvuta kwa nguvu. Kiti kikapinduka. Ianthe akaangukia jiwe, na mkono ukavunjika. Wote waliokuwa karibu waliusikia ukivunjika.

Wageni walikuwa wamepiga picha. Picha zikasambaa, kampuni ikaona haya, kazi ikasimamishwa. Makaburi yapo mpaka leo, yamezungushiwa uzio. Yaliokoka kwa sababu mtu alimvunja dada yake mkono mbele ya wageni. Sina njia nzuri ya kulisema hilo.

Ianthe hakumsamehe. Alston alipopeleka supu ya samaki nyumbani kwake, Ianthe alimpazia sauti Marvelle kutoka ndani: "Mwambie huyo dereva wa teksi amekosea nyumba." Ikawa hivyo miaka yote. Mwezi uliopita, Ianthe alipozidiwa na ugonjwa, Alston alisimama mlangoni mwa chumba chake na kofia mkononi. Ianthe akageukia ukuta. Akasema, "Bado sijafa, Alston. Nikifa ndiyo uje."

Na kweli, alikuja alipokufa. Mazikoni alitembea nyuma ya watu wote. Nilimfuata, nikamwomba neno la redioni. Alinitazama kwa hasira, kisha akasema: "Kwa mkono nilikosea. Nilikosea kabisa. Lakini kwa habari ya meli sikukosea, na useme hivyo hivyo. Kama anasikia, atakasirika. Nataka akasirike."

Nimesema, Bwana Alston.

Marvelle, pole sana, mwanangu. Bwana Alston, nawe pole, hata kama Ianthe angenifokea kwa kukupa pole. Familia yote ya Furbert, Mungu awatie nguvu.

Wasikilizaji wapendwa, kesho meli inaingia. Wewe unayepokea wageni, fikiri utawasimamisha wapi kwanza. Na wewe ambaye hamsemeshani na ndugu yako, sikuambii usamehe. Ianthe hakusamehe. Nakuuliza tu kama una neno la kumwambia, wakati bado anaweza kukutukana.