Hatupakui Kabla ya Kuita

Mheshimiwa Diwani, mama mkwe wangu uliyeketi pale mbele, akina mama wa jiko hili, ndugu wageni waalikwa: karibuni sana. Mimi ni seremala. Meza hizi nimezitengeneza mimi, na leo nimeombwa kuufungua ukumbi huu wa chakula kwa niaba ya marehemu mke wangu, aliyeuanzisha na hakuwahi kula humu.

Nani hapa hakutishwa na Mama Matete, mzimu wa kinamasini, alipokuwa mtoto? Tuliambiwa kwamba moshi unaotoka katikati ya kinamasi ni wa jiko lake, na anayemwitikia harudi. Mimi hadi naoa, nilikuwa napita ng'ambo ile huku napiga mluzi. Mama mkwe akanicheka: "Fundi, mluzi wa nini? Yule ni bibi yangu, alikuwa anapika!"

Na ndivyo ilivyokuwa. Mwaka ule watu wenye silaha walipokomba maghala yote, wanawake walijificha kwenye matete pamoja na watoto wao. Wakachimba mizizi ya yungiyungi, wakailoweka mpaka ikaacha ukali, wakaitwanga ikawa unga. Kambare wakawakausha kwa moshi. Na ili wasifuatwe, habari za mzimu wakazieneza wao wenyewe. Je, mmewahi kusikia jeshi lililorudishwa nyuma na harufu ya samaki? Sisi ni wajukuu wa waliolirudisha.

Lakini jioni moja chakula kilipoiva wakaitana, na mmoja wao, aliyekwenda kutazama mitego, hakuitika. Tangu hapo hatupakui kabla mtu hajamwita kuelekea majini, na sisi wengine tunanyamaza, kwa sababu nafasi ya kuitika ni yake.

Miaka yote aliyeita ni mke wangu. Alikuwa anafuta mikono kwenye aproni, anaita kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anamwita jirani. Tangu tumzike, chakula hiki cha yungiyungi na kambare hakijapikwa kwetu. Juzi binti yangu akaniambia, "Baba, kupika najua. Kuita siwezi, nitalia."

Nikamwambia, "Wewe pika, mama. Nitaita mimi."

Amepika. Nimeonja mwenyewe, na nasema mbele yenu bila wasiwasi: ni kilekile.

Nawashukuru nyote, na asanteni kwa kunisikiliza. Sasa nakwenda pale mlangoni. Leo nitaita majina mawili. Naomba asiitike mtu.