Niliongeza Sauti ya Mto

Wenzangu, mkiniruhusu nitaongea nimekaa. Nikisimama mbele za watu natetemeka, halafu mtaanza kunionea huruma kabla sijafika kwenye ubaya wangu. Mama mwenyekiti ameniomba nieleze nilivyoanguka na nilivyoinuka. Kuanguka nakujua vizuri. Kuinuka ndiyo kwanza najifunza, kwa hiyo msitegemee makubwa.

Baadhi yenu mnajua mume wangu alikuwa mpakiaji wa pamba. Msimu ule wanunuzi binafsi walikuwa wengi, ushirika umebaki jina tu, kila mnunuzi ana ghala lake na mzani wake, na malori yanakimbizana. Mume wangu alianguka kutoka juu ya shehena, kule Malampaka. Habari niliipata saa saba mchana. Aliileta dereva wa bodaboda wa pale senta kwetu, mtu mzima mwenye wajukuu. Nilikuwa napepeta mchele. Nikasikia pikipiki inakata kona, inaingia uani, inazimwa. Akashuka, akavua kofia.

Tangu siku hiyo, pikipiki yoyote ikikata kona kuja upande wetu, moyo unanipiga mpaka masikioni. Naacha sufuria motoni, nakimbilia ndani, nafunga mlango. Halafu naanza: mwanangu mdogo yuko shule, binti yangu yuko Mwanza, dada yangu yuko Ipililo, sasa ni nani? Nilikonda, ndugu zangu. Magauni yangu yakawa ya mtu mwingine.

Binti yangu alipokuja likizo akaniona nilivyo. Akaniachia simu yake ya zamani, ndani ameweka gemu. Nikamwambia, "Mimi na gemu wapi na wapi? Hizo za kupigana risasi? Nimechoka na vifo."

"Mama, hii hakuna kupigana," akasema. "Unatembea tu. Humu hakuna mtu anayekufa."

Jamani, msicheke. Kuna mtu amevaa kofia, ana begi mgongoni. Ukigusa kioo, anatembea. Kuna vilima, kuna mto, kuna maua ya kila rangi, na ukichuma ua linaingia kwenye daftari lake. Hakuna adui, hakuna saa ya kukukimbiza, ukitumbukia mtoni unaelea. Mara ya kwanza nilitembea naye mpaka ugali ukaungua, na nilipoinua kichwa nikaona moyo wangu umetulia kabisa, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Ila Msukuma ni Msukuma tu. Nilikuwa najiuliza, majani yote haya, ng'ombe wako wapi?

Siwezi kuitukana ile gemu. Ilinipa usingizi, ikanirudishia hamu ya kula. Kama ningeishia hapo, leo ningekuwa nimekuja kuisifia tu.

Tatizo lilianza nilipogundua kwamba inaziba na masikio. Pikipiki ikinguruma kwa mbali, naongeza sauti ya ule mto. Ikikaribia, naongeza tena, mpaka simu yenyewe inakoroma. Nikawa naishi hivyo, maji yanatiririka mchana kutwa kwenye nyumba ambayo ndoo ni tupu.

Sasa sikilizeni. Kwetu mtu akitaka kupuliza dawa kwenye pamba yake, anatuma neno kwa majirani wenye ng'ombe: leo msichunge upande huu. Ndivyo tunavyoishi. Siku hiyo jirani yangu alipuliza, na neno alimpa yule yule dereva wa bodaboda. Akaja. Akapiga honi. Nilimsikia! Akapiga tena. Mimi nikajikunja kitandani, nikaongeza sauti ya mto, nikamwambia yule mtu wa kofia, twende, twende. Honi ikanyamaza. Nikamshukuru Mungu kwamba ameondoka.

Jioni nikafungulia ng'ombe, watatu alioniachia marehemu. Nikakaa juu ya kichuguu na simu yangu. Nilipokuja kushtuka, wako katikati ya pamba ya jirani, wanatafuna. Kabla jua halijazama wawili walikuwa wanatoa povu, miguu inacheza. Mmoja ndiye tuliyekuwa tunamkamua. Walikufa wote wawili mbele yangu.

Na hapa ndipo ninapoona aibu zaidi. Nilikwenda kwa jirani nikamtukana mbele ya watoto wake. Nikasema ameniulia ng'ombe kwa makusudi kwa sababu mimi ni mjane, hakutuma neno. Nikasema hivyo, na honi naikumbuka vizuri.

Asubuhi yake nilimwona yule dereva anakuja anakokota pikipiki. Alikuwa ameizima tangu barabarani. Akasimama uani, akasema, "Mayu, mama yangu, najua ulinisikia. Niliona pazia linacheza."

Nikamsogezea kigoda.

Akaendelea, "Mimi nami tangu siku ile niliyovua kofia hapa uani sina raha. Nikikata kona kwenda kwa mtu, wanawake wanaanza kulia kabla sijashuka. Nimekuwa mkosi?"

Nililia, wenzangu. Nililia kwa sauti mpaka majirani wakatoka. Kumbe tulikuwa wawili. Nikaosha uso, nikaenda kwa jirani yangu, nikapiga magoti kwenye mlango wake, nikasema mbele ya watu wote: neno lilitumwa, mimi ndiye niliyekataa kulisikia.

Dereva akabuni dawa yake. Kila siku akipita anapiga honi, na mimi lazima nitoke nje. "Mwadila, mayu!" Namwitikia salamu, anaondoka. Basi, hana habari yoyote. Wiki ya kwanza nilitoka nimeshika ukuta. Baadaye nikawa natoka na ufagio mkononi, naanza hata kumtania kwamba pikipiki yake inakohoa.

Mwezi uliopita alikuja, akazima, akavua kofia. Dada yangu wa Ipililo amezidiwa, ananiita. Moyo ulinipiga vile vile, sitawadanganya. Lakini nilikuwa nje tayari. Nikafunga khanga, nikapanda nyuma yake.

Namshukuru yule baba wa pikipiki. Namshukuru jirani yangu aliyenisamehe, na ninyi akina mama mlionipa ng'ombe wa kukamua wakati sikustahili hata kusalimiwa. Gemu bado ninayo, Jumapili baada ya chakula natembea kidogo, kisha nazima. Mwenye moyo unaokimbia kama wangu, pumzika unapoweza, wala usione haya. Ila mlango wako uache wazi, maana anayekuita hawezi kukusubiri mpaka utulie.

Dada yangu nilimkuta bado anaongea. Alinishika mkono akaniuliza, "Umekuja?" Nikamwambia, "Nimekuja." Tulikaa hivyo siku mbili, mpaka alipouachia mkono wangu kwa mara ya mwisho.