Kebo Niliyomchagulia Mama Swafiya

Ifikapo tarehe 30 Juni, Mama Swafiya Uwineza atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja katika karakana ya redio ya chuo chetu cha ufundi hapa Rebero, na siku hiyohiyo anastaafu. Mimi, Clovis, ndiye ninayerithi meza yake. Niseme ukweli mapema: naogopa.

Aliingia akiwa fundi wa kuunga waya, akapanda hadi mkuu wa karakana. Alianzisha klabu yetu ya redio ya ridhaa, ya watu wanaozungumza hewani kwa kupenda tu, akatufundisha kutengeneza antena kwa mabomba ya alumini na vibao vya plastiki vya kukatia mboga. Wanafunzi wake wametapakaa nchi nzima, na wote wanatembea na kisu kidogo mfukoni.

Kisu hicho kilitokana na kosa lake mwenyewe. Mwaka wake wa tatu alinunua kebo ya antena, ile yenye waya mmoja katikati na wavu wa shaba kuuzunguka, kwa kuamini maandishi ya juu ya ganda. Wavu ulikuwa nyuzi za kuhesabika, na shaba yenyewe ilikuwa rangi tu. Mvua za Aprili ziliponyesha, redio ya chuo ikawa bubu wiki mbili. Alisimama mbele ya wafanyakazi wote akasema kosa ni lake. Tangu hapo hanunui kebo kabla ya kukata kipande cha urefu wa kidole, kukimenya na kuikwangua shaba. Wauzaji wa sokoni Kimisagara wakimwona anakuja, kebo za ovyo zinaingia chini ya meza.

Sasa anahamia kwa binti yake, mtaa wa Kibagabaga, maana goti halimruhusu tena kupanda kilima chetu. Amejitengenezea antena ili azungumze na klabu kila Jumamosi. Tangu mumewe afariki, sauti hizo ndizo anazozisubiri wiki nzima, hafichi. Kebo akaniachia mimi niichague, peke yangu.

Nilizunguka maduka sita. Kebo nyembamba ingemeza nguvu ya redio njiani. Nene ilifaa, ila muuzaji hakutaka ikatwe. Nilikata hivyohivyo, akanifokea. Shaba ilikuwa shaba. Nikanunua mita kumi na nane, na kabla sijafika nyumbani nikaanza kuyatilia shaka macho yangu.

Nilipomkabidhi nilisubiri atoe kisu. Hakutoa. Alisema asante mwanangu, akampa mkwe wake aipandishe juu ya paa. Miaka yote ya kunikosoa haijawahi kunitisha namna hiyo. Mpaka ninapoandika haya, redio bado haijaunganishwa.

Mama Swafiya, karakana nzima inakushukuru, hata kwa kule kutufokea asubuhi. Tunakutakia goti lenye nafuu, wajukuu watulivu na maisha mema. Jumamosi ya kwanza ya Julai, saa tatu asubuhi, nitakuwa mbele ya redio. Nikisikia kimya nitajua nimekutenga na watu wako. Tafadhali tuite, hata iwe ni kunigombeza.