Densmaa binti Sodnom na Neno Lililokuwa na Makaa Ndani Yake

Marehemu Densmaa, binti wa Sodnom, alizaliwa tarehe 14 Machi 1959 katika mkoa wa Dundgovi, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Siku hiyo kulikuwa na upepo wa vumbi, na mama yake alisimulia kwamba mtoto alipiga chafya kwanza, akakumbuka kulia baadaye.

Alipelekwa shule ya bweni akiwa na miaka minane, kama watoto wote wa wafugaji. Mwaka 1978 alikwenda Odessa kusomea hali ya hewa. Alirudi mwaka 1983 na diploma kamili, jambo ambalo si kila mtu katika ukoo huu anaweza kujivunia, pamoja na tabia ya kunywa chai isiyo na chumvi, ilhali kwetu chai hutiwa chumvi. Diploma ilipongezwa. Chai haijasamehewa hadi leo.

Alianza kazi katika kituo cha hali ya hewa cha Mandalgovi, akipima mvua ambayo mara nyingi haikuwepo. Hapo ndipo alipomkuta Gombodorj, dereva wa gari la kituo, na wakaoana tarehe 12 Julai 1986. Mwana wao Temuulen alizaliwa mwaka 1988.

Mwaka 1996 alihamia mji mkuu, Ulaanbaatar, katika wizara ya mazingira. Kuanzia Kyoto mwaka 1997 hadi Paris mwaka 2015, alihudhuria mikutano ya mataifa kuhusu tabianchi. Nchi nyingine zilileta watu hamsini. Sisi, katika chumba cha misitu na ardhi, tulimleta Densmaa. Humo watu wazima waligombana siku nne juu ya “lazima” na “inafaa”, na yeye aliomba jambo moja tu: fedha za kuhifadhi kaboni zisiwe za miti peke yake, kwa sababu nyasi nazo huificha kaboni chini, kwenye mizizi. Kiti cha pili cha nchi yetu alikiwekea koti. Akiulizwa, alijibu, “Mwenzangu kaenda kunywa chai.” Chai hiyo ilinywewa miaka kumi na minane.

Desemba 2007, akiwa Bali, alipigiwa simu ukumbini kwamba Gombodorj amefariki, moyo umesimama. Zamu yake ya kusema ilikuwa imefika. Aliingia, akazungumzia nyasi kwa dakika tatu, akakaa. Jirani yake alimwuliza kama koti lile linaweza kuondolewa. Siku hiyo hakuitaja chai.

Mwaka 2011 mradi ulipatikana hatimaye. Familia kumi na mbili za kwao Dundgovi zingepumzisha malisho ya Zeerd, na nchi tajiri zilizoichafua hewa zingewalipa. Kila familia ilitakiwa kutia saini. Densmaa alisimama mbele ya watu wake na kusema neno la kaboni kwa lugha yetu, *nüürstörögch*. Sasa, neno hilo limezaliwa na *nüürs*, makaa ya mawe, na bonde la jirani lilikuwa limechimbwa makaa hadi visima vikakauka.

“Kumbe umekuja kutuuzia makaa yetu wenyewe!” bibi mmoja alipaza sauti.

“Si makaa, mama. Hakuna atakayechimba.”

“Hata yule mchimbaji wa kwanza alisema ni kashimo kadogo tu. Sasa ngamia anaingia na mzigo wake.”

Kumi na moja walitia saini, shingo upande. Aliyebaki alikuwa mdogo wake, Tsevegmid. “Dada,” alisema, “neno lako lina makaa ndani. Sitii saini.” Mradi ukahamia mkoa mwingine.

Kila Mwezi Mweupe, mwaka mpya ukiingia, mdogo ndiye humwendea mkubwa na kumsalimu kwa kumshika viwiko kwa chini. Densmaa alipika *buuz* mia mbili, maandazi ya nyama ya kupikwa kwa mvuke, akavaa *deel* yake ya bluu, joho la sikukuu, akakaa kumngoja mdogo wake. Temuulen alikuwa Incheon, kiwandani. Tsevegmid hakuja. Miaka kumi na miwili hakuja, na majirani wa ghorofa ile walinenepa kwa buuz zake.

Februari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Agosti simu ililia hospitalini.

“Dada, unakula?”

“Uji wa hapa ni kama kula karatasi.”

“Si ulishazoea karatasi wewe.” Kisha Tsevegmid akauliza, “Hivi kule Zeerd ulitaka kuuza nini hasa?”

Akamweleza taratibu: nyasi zikipumzishwa mizizi inashuka, na kile kilichokuwa hewani kinabaki udongoni, kinauneemesha.

“Hiyo si ni *shim*?” alisema Tsevegmid. Ndilo neno la kila mfugaji kwa utamu wa udongo, ule unaompa mbuzi mafuta. “Ungesema shim, ningetia saini kabla chai haijapoa.”

“Miaka kumi na miwili, Tsevegmid!”

“Msomi ni wewe, dada.”

Densmaa alicheka mpaka nesi akaja mbio. Wiki hiyo aliiandikia wizara, akiomba neno hilo liingizwe katika karatasi zote zinazopelekwa kwa wafugaji. Jibu halijafika.

Alifariki alfajiri ya tarehe 6 Oktoba 2023, akiwa peke yake. Temuulen alikuwa uwanja wa ndege. Tsevegmid alikuwa njiani, kilomita themanini kutoka mjini.

Ameacha mwana, Temuulen, mkwe, Solongo, mjukuu mmoja, Anujin, na mdogo wake, Tsevegmid, ambaye tarehe 20 Septemba aliiondoa mifugo yake yote Zeerd, bila mkataba, bila malipo, bila kuambiwa na mtu. Hakumpigia dada yake simu kumweleza. Alitaka kumwambia ana kwa ana.

Pumzika, Densmaa. Malisho nayo yanapumzika.