Simba wa Boksi la Sabuni

Kijiwe chetu kiko Newala, nyuma ya soko, kwenye ukuta wa duka la vipuri vya baiskeli. Benchi ni gogo la mkorosho ulioangushwa na upepo, limekaliwa mpaka limeng'aa. Mimi Anthony ndiye mwenye birika, na kwa kuwa maji ya mji huu huja yakitaka yenyewe, kahawa yangu huisha kabla ya maneno ya wateja wangu. Wateja wa kudumu ni wanne. Hamudi tunamwita Redio, fundi baiskeli, habari za kesho anazo leo. Barnaba ni Salfa, mkulima wa korosho. Kwake kila tatizo duniani lina dawa, na dawa hiyo ni salfa, ule unga wa kupulizia mikorosho. Edson ni karani kutoka Mbeya, ana miaka kumi na moja hapa na bado anaitwa Mgeni. Wa nne ni mzee Uwesu, yaani Hakimu, kwa sababu hapa gogoni hakuna shauri linalokwisha mpaka aseme yeye, hata liwe la kuku wa watu wengine.

Jumamosi hiyo Hakimu alikuja na kikapu mkononi, akakiweka chini katikati ya miguu yake kama mtu aliyekamata mwizi. Kikapu tulikijua. Ni cha mwalimu Leonia wa darasa la awali, na huzunguka nyumba kwa nyumba, wiki moja moja. Ndani kuna kitabu kimoja cha picha, na bahasha yenye mchoro wa kitu cha kutengeneza baada ya kusoma, kwa takataka zilezile za nyumbani. Kitabu cha mvua, mtoto anatunga vifuniko vya soda kwenye uzi na kuvitikisa vilie kama bati. Kitabu cha kuku, anabandika maganda ya mahindi yawe manyoya. Gundi ni uji wa muhogo.

— Namrudishia mwenyewe, alisema Hakimu. Akipita hapa kukusanya namkabidhi mbele yenu, muwe mashahidi. Kwangu kisije tena.

Nilimmiminia kahawa lakini sikufurahi, na nitasema kwa nini. Hakimu ana mjukuu, Ziada, wa miaka mitano. Aliletwa kutoka Chiungutwa masika yaliyopita, baada ya kumzika mama yake, na tangu siku hiyo hakufungua mdomo. Hakulia, hakuita, akitaka maji anavuta kanga ya bibi yake. Hospitali waliwaambia masikio mazima, koo zima, mpeni muda. Muda ukapita miezi mitano. Ndipo kikapu kikafika na kitabu cha kuku. Bibi hajui kusoma, basi akawa anatazama picha na kutunga hadithi yake kwa Kimakonde, na walipofika kwenye kubandika, akaubandika mkia shingoni. Ziada akamshika mkono, akasema, "Bibi, siyo hapo. Huo mkia."

Kesho yake Hakimu alikaa hapa na kikombe, kahawa ikapoa, akatuhadithia maneno hayo matano mara tatu. Alilia. Na mimi nililia, nikausingizia moshi wa mkaa. Sasa mtu yuleyule ndiye anarudisha kikapu.

Salfa akamuuliza kikapu kimekosa nini.

— Wiki hii kitabu ni cha simba.

— Simba naye kakosa nini?

— Mtoto katengeneza kinyago. Cha kuvaa usoni. Kakivaa.

Vikombe vyote vikashuka. Ikabidi Mgeni aelezwe, maana alibaki kutukodolea macho. Wamakonde wana midimu, vinyago vya ngoma. Huvaliwa na wanaume waliopita jando, wakafundishwa porini huko. Kinyago kikitoka kucheza, wanawake na watoto hukimbia, na hata mama wa mchezaji, anayeijua ile miguu kwa kuwa aliiosha mwenyewe, hufanya hajui. Hakimu alicheza ujanani, na wenzake wa rika bado wanamsifia.

— Aliye ndani hatajwi, alisema Hakimu, akipiga goti lake kwa kidole kila neno. Ukimtaja umevunja. Sasa mtoto wa kike, hata meno hajang'oa, anavaa kinyago uani kwangu na kumfukuza jogoo.

— Jogoo alikimbia? aliuliza Redio.

— Alikimbia.

— Basi kinyago kizima.

Hakimu akamtazama mpaka Redio akahamia kwenye hoja nyingine. Alidai kosa si kinyago, kosa ni picha. Kitabu hicho amekiona kwa macho yake, simba anacheka, meno yote nje, kama yuko kwa mpiga picha za harusi.

— Mtoto akizoea hivyo, siku akishuka bondeni Ruvuma akikutana na wa kweli, atampa shikamoo. Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka.

— Hiyo inaingiaje hapo? aliuliza Mgeni.

— Ziada hajaumwa. Kwa hiyo hatashtuka.

Salfa alikuwa akitikisa kichwa muda mrefu akingoja zamu. Kwake yeye mkosaji ni gundi. Muhogo ni chakula, na mtoto akifundishwa kupaka chakula kwenye boksi, mwakani anapaka ugali ukutani. Uji ule utaita mchwa, mchwa watapanda dari, na nyumba ya Hakimu itaanguka kwa sababu ya kitabu.

— Samaki mkunje angali mbichi, alisema, lakini boksi lingojee likauke. Mngenisikiliza, mngelipulizia salfa kidogo tu.

Redio hakukubali kushindwa kwa mchwa. Akasema hatari yenyewe ni mbele. Leo mtoto kakata uso wa simba, kesho atakata wa mwenyekiti wa mtaa. Kikapu kinazunguka nyumba zote, kwa hiyo watoto wote watajua, na siku ya mkutano uwanja utajaa maboksi, mtu hajui yupi ni nani, na azimio litapita.

— Azimio gani?

— Lolote. Boksi halibishi.

Mgeni naye akaona asibaki nyuma. Alieleza taratibu, kama yuko dirishani ofisini, kwamba kama upande wa ndani bado una jina la sabuni, basi kisheria kitu hicho hakijawa kinyago, kimebaki boksi la sabuni lenye matundu, na shauri lifungwe. Salfa alilipenda hilo. Mimi pia nililipenda, nikamwongezea kahawa.

Hakimu hakucheka hata kidogo. Alikuwa na ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, kwenye kipande cha gazeti, hajaigusa, na ming'oko yeye huwa hailazi.

— Mnacheka, alisema. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Hakuna aliyethubutu kuuliza hiyo nayo inaingiaje. Nikauliza langu.

— Na Ziada? Ulipomwambia kikapu kinarudi, alisema nini?

Alitazama ndani ya kikombe.

— Hakusema. Tangu jana magharibi hajasema.

Redio akaacha kucheza na spoki yake. Habari hiyo hakuwa nayo.

— Na kinyago kiko wapi?

— Nyumbani. Sikukigusa. Kinyago hakishikwi na mtu asiyekivaa. Kiko juu ya mtungi, bibi yake kakifunika kanga.

— Hakimu, nikamwambia, umelipa boksi la sabuni heshima zote. Mtu wa kulichana angelichana jana.

Nikajuta papo hapo, maana mdomo wangu huwa unatangulia. Kisha akajibu kwa sauti ambayo hajawahi kutumia hapa gogoni.

— Naogopa, Anthony. Nikikirudisha, naogopa mtoto atanyamaza moja kwa moja. Nikikiacha, wazee wangu walionifundisha nitawaambia nini? Hili shauri sijui kulikata.

Hapo hata Salfa hakuwa na dawa. Nilipuliza mkaa ili nipate kazi ya kufanya.

Ndipo tukasikia vurugu upande wa nyanya. Mama mmoja muuza nyanya alijifunika kanga kichwani na kukimbilia nyuma ya magunia. Wa pili naye akakimbia, wa tatu akageukia ukuta, na wote walikuwa wanacheka. Katikati yao akatokea simba.

Alikuwa simba wa boksi la sabuni, manyoya ya maganda ya mahindi yamesimama pande zote, sharubu za njiti za ufagio, na shavu moja limekunjamana pale uji ulipokauka vibaya. Chini yake gauni la njano, na kandambili mbili zisizojuana, moja bluu, moja nyekundu. Hatua kumi nyuma alikuja bibi, ameukaza uso upande wa pili kama anahesabu matofali ya maduka, ndivyo wanawake wa umri wake walivyofundishwa kufanya kinyago kikipita. Na uji wa ile gundi alikuwa ameukoroga yeye.

Simba akapita mbele ya Redio, akampita Salfa, akampita Mgeni, akasimama mbele ya Hakimu.

— Mimi nani?

Sauti ilitoka ndani ya boksi imekauka kidogo, kama mlango usiofunguliwa tangu jana. Mgeni, mwenye moyo mzuri, akafurahi kwa kuwa jibu alilijua, akafungua mdomo. Salfa akamkanyaga mguu. Redio, ambaye tangu nimjue hajawahi kukaa na habari tumboni, alifumba midomo mpaka ikapotea.

— Mimi nani?

Hakimu alizitazama zile kandambili. Mkanda wa ile nyekundu aliushona yeye kwa waya siku ya Alhamisi, akiwa amekaa papa hapa. Alijua, sote tulijua, na sheria alikuwa ametusomea mwenyewe kahawa haijapoa. Niliomba Mungu, nasema kweli, niliomba asiseme jina, na niliomba asimfukuze.

Akaweka kikombe chini, akasimama, akavua kofia. Alisema maneno ya Kimakonde, marefu, ya zamani, ambayo mimi Mmakua wa Lukuledi sikuyapata. Bibi aliyapata. Aliuma ncha ya kanga. Kisha Hakimu akatugeukia.

— Huyu simjui. Ni simba, katoka bondeni.

Akachukua ming'oko yote pamoja na gazeti lake, akaishika kwa mikono miwili, akampa, jinsi mchezaji anavyotunzwa uwanjani. Simba akaila hapohapo, akiipitisha chini ya kidevu cha boksi. Hakimu alipoketi, simba akapanda kwenye gogo, akajibana katikati yake na Salfa, akatoa kitabu kwenye kikapu na kukifungua juu ya magoti ya watu wawili.

— Hapa anamtafuta mama yake, alisema simba. Hapa hajampata. Hapa amekaa chini. Hapa bibi yake anamwambia njoo, tumepika.

Redio alichungulia maandishi. Ukurasa ule ulisema tu kwamba simba anatafuta kivuli. Hakusahihisha, na kwa hilo pekee nilimsamehe uongo wake wa miaka sita. Hakimu alifungua ukurasa kila alipoguswa mkono. Machozi yalimshuka na hakuyafuta, kwa sababu mkono mmoja ulishika kitabu na wa pili ulishika mgongo wa simba. Nilishukuru. Nilimshukuru Mungu kwa muhogo, kwa maboksi, na kwa bibi asiyejua mkia wa kuku unakaa wapi.

Tulikuwa hivyo bodaboda ya mwalimu Leonia ilipofika. Alishuka akiwa na vikapu viwili begani.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, mwanangu.

— Mzee Uwesu, nimefuata kikapu. Na Ziada yuko wapi leo? Nilitaka nimsalimie.

Swali dogo, la kila siku. Redio akaangalia mawingu. Salfa akakuta kitu cha kusoma kwenye kucha zake. Bibi alikuwa bado na ukuta wake. Mwalimu akamgeukia Mgeni, mtu mwenzake wa ofisi, na Mgeni akakohoa.

— Mimi mgeni hapa, mwalimu.

Nikaona angalau nimpe mwalimu kahawa wakati anangoja. Nikainamisha birika. Lilikuwa tupu, na mimi hata sikukumbuka nani amekunywa.

— Alipo hatujui, mwalimu, alisema Hakimu hatimaye. Lakini kikapu kibaki wiki moja zaidi. Na ahsante. Nilikuwa na maneno mengine ya kukwambia leo asubuhi, ila yamekwisha, imebaki hiyo. Ahsante sana.

Mwalimu Leonia alitutazama mmoja mmoja. Akashusha macho mpaka kwenye kandambili ya bluu na ya nyekundu, zinazoning'inia bila kufika chini. Ni mtu wa Kagera, lakini si mzito wa kuelewa. Alichuchumaa mbele ya gogo.

— Simba, ukimwona Ziada, mwambie mwalimu anamsalimia.

— Nitamwambia, alisema simba.