Video Arobaini na Moja na Mkono wa Chini

Mgeni rasmi, mkurugenzi wa mafunzo; mkuu wa chuo, walimu, na ninyi ndugu na jamaa mliokubali kulazwa, kukunjwa na kunyooshwa na mikono yetu ambayo bado inajifunza: tunawaamkia kwa heshima zote.

Karibu chumba namba sita. Kiti ulichokalia ndicho pekee kisichoyumba, tulivijaribu vyote jana. Sisi ni wanafunzi hamsini na wanane wa mwaka wa pili. Tunasomea kutibu shingo, mabega na magoti kwa mikono mitupu.

TULIKOTOKA

Chumba hiki kina vitanda vinne na mwalimu mmoja. Tunamwita Bi Taratibu, kwa sababu neno hilo analitamka mara nyingi kuliko salamu. Anapoonyesha, walio mbele wanaiona mikono yake hadi ile kucha ya gumba iliyopasuka, walio katikati wanauona mgongo wake, na sisi wa nyuma tunaona visogo vya wenzetu. Basi tukakimbilia video za mtandaoni.

Hatutaficha kitu, mgeni rasmi. Kwenye mtihani wa bega, wanafunzi ishirini na sita waliingiza mkono wa kushoto chini ya mgonjwa, wakauacha hapo. Bi Taratibu akainama, akachungulia.

"Huu mkono wa chini unafanya kazi gani huko?"

"Umepumzika, mwalimu," mwenzetu akajibu bila wasiwasi. "Hata kwenye video ulikuwa umepumzika."

Kumbe mkono ule ndio ulioshikilia mfupa wa bega usicheze. Kamera haikuuona, nasi tukadhani umelala. Tulicheka, kisha tukaona aibu.

TULICHOGUNDUA

Aibu ikazaa udadisi. Tukajiuliza: hivi video nzuri ya kujifunzia inajulikanaje? Tukakusanya arobaini na moja, tukaandika maswali kumi. Je, mikono yote miwili inaonekana? Anatajwa mtu asiyefaa kuguswa? Mgonjwa anaulizwa anavyojisikia, au anatabasamu tu kabla hata hajaguswa? Kila video ilitazamwa na watu watatu waliokaa mbalimbali, wasinong'onezane.

Majibu yalituacha vinywa wazi. Iliyotazamwa na watu wengi kuliko zote, ile ambayo mifupa inalia hadi jirani asikie, ilipata alama mbili. Ishirini na tisa hazikutaja hatari yoyote. Mwenzetu mmoja alikuwa ameshaifuata mojawapo kwenye shingo ya mjomba wake, na kwa wiki nzima mzee wa watu alikuwa akigeuka mwili mzima kama kabati. Mjomba yuko mstari wa tatu. Leo anageuka vizuri, na tunamwomba radhi tena mbele ya watu.

Video moja tu ilipata kumi. Ilikuwa na watazamaji mia mbili na kitu. Haina muziki wala uso wa mtu, ni mikono tu. Kila hatua imepigwa picha mara mbili: kwanza kutoka juu, kisha kamera inashuka hadi usawa wa godoro. Dakika ya nne ukasikika msemo, "Taratibu, taratibu. Mkono wa chini usilale."

Tukatazamana. Tukasogeza picha karibu, tukakiona kile kidole gumba chenye kucha iliyopasuka katikati.

KINACHOTUSUMBUA

Tulimfuata Bi Taratibu, tukamuuliza kwa nini hakutuambia kwamba video ni yake. Akasema, "Mimi nilikatazwa, wanangu. Nikikatazwa nakatazika."

Miaka tisa iliyopita, yeye na binti yake aliyeshika simu walirekodi video tano: shingo, bega, kiwiko, kifundo cha mkono na kiuno; sisi tulikuwa tumeipata moja tu. Kabla hawajafika kwenye goti ikaja barua kwamba masomo yasiwekwe mtandaoni hadi mwongozo utakapotolewa. Mwongozo bado tunausubiri. Barua ilitoka ofisi yako, mgeni rasmi, enzi za waliokutangulia. Tunajua mafaili ni mengi.

Bi Taratibu anastaafu Ijumaa hii. Goti, nyonga na kifundo cha mguu vimo mikononi mwake tu. Tunaogopa, na tunaona heri tukuambie hivyo waziwazi.

OMBI LETU

Tuliandika orodha ndefu, tukaifuta. Hatuombi kitanda cha tano. Tunaomba ruhusa ya kumrekodi, na ruhusa hiyo iwe ya leo. Karatasi iko kwenye bahasha mbele yako, kalamu tumeijaribu, inaandika. Kitanda cha dirishani kimetandikwa, mahali penye mwanga. Simu mbili zina chaji: moja ya juu, moja ya usawa wa godoro. Goti tunaazimwa na mjomba, ambaye amesema shingo yake ndiyo hatupati tena.

Bi Taratibu hakujua tutasoma haya. Ukimwona ameinama, usidhani amekasirika. Anaitazama mikono yake.

Mwenyezi Mungu akujalie mgongo usiouma na magoti yatakayokufikisha uzeeni. Na siku ukilazwa kitandani, umpate mtu ambaye mkono wake wa chini haulali.

Ni sisi,
Wanafunzi wa mwaka wa pili, tiba ya viungo,
chumba namba sita