Mikono Mikavu ya Dokta Asnath

Baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, Dokta Asnath Habakuki, mkemia wa miamba katika kituo chetu cha sampuli hapa Korogwe, anastaafu rasmi leo, tarehe 30 Juni 2025. Kamati ya sherehe iliniagiza niandike kwamba tunasikitika. Tunasikitika, ndiyo. Lakini mimi Husna, niliyekaa naye maabara moja tangu niajiriwe, nasema ukweli: tumepumua pia. Kuanzia kesho tunaruhusiwa kujipaka mafuta.

Mgeni wetu aelewe kwanza. Dokta Asnath alizaliwa Vugiri, akasomea kemia, akaanza kazi Handeni kwenye ghala la miamba iliyochorongwa, kisha akaletwa Korogwe kuanzisha maabara. Kazi yake ni kutafuta ukoo wa mafuta. Mafuta ya ardhini huzaliwa kwenye mwamba mzazi, yaani tope la kale lililojaa viumbe waliokufa, likafukiwa na kupikwa na joto la ardhi kwa mamilioni ya miaka. Baadaye mafuta huhama na kujificha kwenye mwamba mwingine, lakini hubaki na alama za mzazi wake. Dokta huzisoma alama hizo jinsi mashangazi wanavyomkagua mtoto mchanga kutafuta pua ni ya nani.

Tatizo ni kwamba alama ya kidole chenye mafuta ya mgando inatosha kuharibu kipimo. Kwa hiyo alipiga marufuku losheni, mafuta ya nywele na mandazi. Tukitoka safari na sampuli, gari halikusimama Mombo. Tulipita harufu ya kuku wa kukaanga tukimeza mate. Bwana harusi mmoja wa idara ya uchorongaji alirudishwa nyumbani akaoge upya kwa sababu aling'aa mno. Mwenyewe alikuwa wa kwanza kuitii sheria. Kila kipupwe mikono yake ilipauka na kupasuka, na hakuna aliyewahi kumwona akiipaka chochote.

Halafu ikaja habari ya Mashewa. Mwaka 2019 maji ya pampu ya kijiji yalianza kutoka na utando wa mafuta unaometameta. Sampuli ikaletwa, Dokta akaipima, akarudia. Majibu hayakuwa na shaka: mafuta ya kale, yenye alama zote za viumbe wa zamani. Akasaini taarifa. Hata hatujakaa sawa, habari ikafika kijijini ikiwa imenenepa: Mashewa kuna visima vya mafuta! Pampu ikafungwa, kina mama wakarudi kuchota mtoni, na madalali wa ardhi wakaanza kupita na pikipiki. Bibi Mwantumu, ambaye shamba lake la mahindi linapakana na pampu, na ndimo alimozikwa mumewe, akaambiwa asihangaike kupanda kwa kuwa atahamishwa.

Tulipokwenda kuchukua sampuli nyingine, Dokta alimpa bibi shikamoo. Bibi akaitikia, kisha akauliza: "Mimi nikihamishwa, mwanangu, na marehemu naye mtampeleka wapi?" Swali hilo lilimsumbua Dokta njia nzima ya kurudi.

Kilichomsumbua zaidi ni mwamba wenyewe. Miamba ya upande ule imepikwa kupita kiasi, na mwamba ulioungua hauzai mafuta, sawa na ugali ulioungua usivyolika. Sasa haya yametoka wapi? Tukarudi tena, safari hii akaomba pampu ifunguliwe yote. Fundi wa kijiji, Isaka, alifurahi kutuonyesha kazi yake. Watu walikuwa wamelalamika kwamba pampu inapiga kelele, naye akawa anaupaka mnyororo wake grisi kwa moyo wake wote, mpaka ikawa inadondoka ndani ya maji. Maji tuliyochota chini kabisa ya kisima yalikuwa safi. Grisi ya kopo la Isaka ilikuwa na alama zilezile za sampuli ya kwanza. Grisi hutengenezwa kwa mafuta ya kale, kwa hiyo kipimo hakikudanganya. Ukoo wake tu ulikuwa wa mbali, na mafuta yalifika Mashewa ndani ya kopo.

Nilipomwonyesha michoro ya vipimo viwili, cha maji na cha grisi, inavyolingana, Dokta Asnath alikaa chini, akajifunika uso, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Sijawahi kuona mtu akifurahi hivyo kwa kukosa mafuta.

Angeweza kutuma barua. Alikwenda mwenyewe, akasimama kwenye mkutano wa kijiji na kusema kosa ni lake: alihangaika na mikono ya wafanyakazi wake, asikumbuke kuuliza pampu imepakwa nini. Wala Dokta hakumwacha Isaka aaibike. Alimsifu mbele ya watu kwa pampu laini kuliko zote alizowahi kuzishika, akamwomba apunguze kidogo tu. Pampu ikafunguliwa siku ileile, na pikipiki za madalali hazikuonekana tena. Bibi Mwantumu alichelewa kupanda, lakini alivuna.

Dokta anatuachia maabara inayoheshimika, vijana aliowafundisha kwa ukali na upendo, na swali ambalo sasa tunaliuliza kabla ya kufungua chupa yoyote: nani amepaka nini, na wapi?

Miongoni mwa wageni wa leo yumo Bibi Mwantumu, aliyefika asubuhi na chupa ndogo ya mafuta ya nyonyo. Ameyakamua mwenyewe, kutoka minyonyo inayoota pembeni ya shamba lile lile. Ameomba nafasi moja tu kwenye ratiba: baada ya chakula, ampake Dokta mikono.

Dokta Asnath, ahsante kwa yote. Nenda Vugiri ukapumzike, Mungu akupe afya, usingizi mzito na siku njema nyingi. Sampuli zote zimefungiwa kabatini, nimehakikisha mwenyewe. Nyoosha mikono, mama.